Kupishana Si Kukutana

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kwa habari ya nchi kavu hapana shaka walisema kweli. Lakini yako mahali ambapo hata binadamu hawakutani kwa kutaka tu, wala kwa kuonana, wala kwa kuwa na mafuta ya kutosha. Mahali hapo ni juu, kilomita mia kadhaa kutoka tulipo, ambako vyombo vilivyoundwa kwa mikono yetu vinaizunguka dunia usiku na mchana. Huko mtu anaweza kumwona mwenzake kwa macho, akamwelekezea pua ya chombo chake, akawasha injini kwa nia njema, na kwa kufanya hivyo akawa amemkimbia.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa kupitia filamu moja, nayo ni Gravity, iliyoongozwa na Alfonso Cuarón na kutolewa mwaka 1013 na elfu moja zaidi, yaani 2013, mwaka ambao dunia nzima iliisifu. Mwaka uliofuata ilipewa tuzo saba za Oscar, mojawapo ikiwa ya mwongozaji bora. Mimi nami ni miongoni mwa walioipenda. Nimeitazama mara tatu, na kila mara nilijikuta nimeshika ukingo wa kiti. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba naleta hapa chuki ya mtu aliyechoshwa na sinema za kisasa. Naileta hoja ya mtu aliyependa, na mwenye kupenda ndiye mwenye haki ya kudai zaidi.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Wanaanga wa Marekani wako nje ya chombo chao, Explorer, wakiitengeneza darubini ya Hubble. Setilaiti moja imelipuliwa kwa kombora, vipande vyake vinavunja vingine, na mvua ya vyuma inawapiga. Wanabaki wawili: Kowalski, mkongwe mcheshi aliyeigizwa na George Clooney, na Daktari Ryan Stone, mgeni katika kazi hiyo, aliyeigizwa na Sandra Bullock. Kowalski amevaa mgongoni mashine ndogo ya kumsukuma. Anamfunga Stone kwa kamba, anaitazama nukta ya nuru kwa mbali, ambayo ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, na wanaanza safari ya kuifuata. Baadaye Stone, akiwa peke yake katika chombo cha Soyuz kisicho na mafuta, anaiona nukta nyingine, kituo cha Wachina kiitwacho Tiangong. Anakielekeza chombo huko, anawasha roketi ndogo zilizowekwa kwa ajili ya kupunguza kishindo cha kutua, na anakwenda.

Hebu tutazame vizuri. Filamu nzima imejengwa juu ya tendo moja linalorudiwa: unaona, unaelekeza, unasukuma, unafika. Ndivyo tunavyovuka barabara. Ndivyo mtoto anavyomkimbilia mama yake uwanjani. Lakini sivyo mambo yalivyo huko juu, na hapo ndipo ugomvi wangu na filamu hii unapoanzia.

Chombo kilicho kilomita 400 juu ya ardhi kinakwenda karibu kilomita 7.7 kwa kila sekunde, na kinamaliza mzunguko mmoja kwa dakika 92 hivi. Watu wengi hudhani kinakaa juu kwa sababu nguvu ya uvutano imekwisha. La hasha. Uvutano huko bado ni mkubwa, karibu sawa na huu unaotushika sisi. Chombo kinaanguka wakati wote, lakini kwa kuwa kinakwenda mbele kwa kasi kubwa, dunia nayo inajipinda chini yake, na anguko halifiki mwisho. Sasa iko kanuni ambayo Kepler aliigundua kwa kutazama sayari, na ambayo haibagui sayari wala vyuma: aliye karibu huzunguka upesi, aliye mbali huzunguka polepole. Kituo kilicho kilomita 400 juu kinakwenda kilomita 7.7 kwa sekunde. Setilaiti za matangazo, zilizo karibu kilomita 36,000 juu, zinakwenda kama kilomita 3 tu. Na mwezi, ulio umbali wa kilomita 384,000 hivi, unajikokota kwa kilomita moja kwa sekunde.

Tuseme basi vyombo viwili vimo katika njia moja, kilomita 400 juu, kimoja kikiwa kilomita 20 mbele ya mwenzake. Wewe uko katika kile cha nyuma na unataka kumfikia mwenzako. Unaongeza mwendo, kidogo tu, mita moja kwa sekunde, ambayo ni chini ya mwendo wa mtu anayetembea. Kinatokea nini? Nguvu uliyoongeza haikupeleki mbele kwa muda mrefu, inakupandisha. Upande wa pili wa dunia utakuwa umepanda kama kilomita tatu na nusu kuliko ulivyokuwa. Njia yako imekuwa ndefu zaidi, na katika kupanda umepoteza kasi, kama jiwe lililorushwa juu. Unaporudi mahali ulipoanzia, umechelewa kwa sekunde mbili na kidogo. Sekunde mbili si kitu, utasema. Lakini kwa kasi ile, sekunde mbili na kidogo ni kilomita 16 na zaidi. Mwenzako aliyekuwa kilomita 20 mbele sasa yuko karibu kilomita 37. Umemkimbilia, naye amekuacha.

Na kama ungefanya kinyume? Kama ungegeuza chombo, ukaelekeza moto mbele, ukapunguza mwendo kwa mita hiyo hiyo moja? Ungeshuka. Ungeingia katika njia fupi zaidi, na katika kushuka ungepata kasi kuliko uliyoitoa. Baada ya mzunguko mmoja ungekuwa umelipunguza lile pengo la kilomita 20 hadi tatu au nne. Mwenye kutaka kumfikia aliye mbele, basi, afunge breki.

Jambo hili haliingii akilini upesi, na si kwa sababu sisi ni wajinga. Liliwashinda hata mahodari. Tarehe 3 Juni 1965 Wamarekani James McDivitt na Edward White walirushwa katika chombo kilichoitwa Gemini 4. Kabla White hajatoka nje ili awe Mmarekani wa kwanza kuelea angani, McDivitt alitakiwa ajaribu kukaa karibu na kipande cha roketi kilichowapeleka juu, ambacho kilikuwa kikielea jirani yao. Hawakuwa na rada. McDivitt alikuwa rubani wa kivita na wa majaribio, mtu aliyezoea kuikimbiza ndege nyingine na kuikamata. Alifanya kama alivyozoea: alikielekeza chombo kwenye shabaha na kusukuma. Kipande kikazidi kwenda mbali na kushuka. Akasukuma tena. Kikazidi kwenda. Walipokwisha kutumia karibu nusu ya mafuta yao ya kuongozea chombo, waliamua kuacha, ili kazi nyingine za safari zisiharibike.

Mimi nikiisoma habari hiyo naona mchezo wa kuigiza uliokamilika. Yupo shujaa, yupo anayetafutwa, ipo ala mkononi, na ipo siri isiyoonekana inayogeuza kila juhudi kuwa hasara. Cuarón alikuwa nayo mkononi hadithi hiyo. Sandra Bullock anaiona nukta, anasukuma, na nukta inazidi kuwa ndogo! Ni hofu gani ingekuwa kubwa kuliko hiyo? Mvua ya vyuma ni ya kutisha, lakini ni kitisho cha nje. Kugundua kwamba mwili wako wote, na mazoea yako yote ya kutembea na kukimbia, yanakudanganya, hicho ni kitisho kinachotoka ndani.

Kijana mmoja wa ndugu yangu, msomi mwenye kupenda filamu, aliniambia tulipozungumza habari hii: "Baba mdogo, hiyo ni sinema. Ukitaka hesabu nenda darasani." Nalimjibu kwamba sina ugomvi na sinema inayobuni. Hadithi zetu zina sungura wanaosema na majini wanaooa, na hakuna anayelalamika. Katika hadithi ya sungura, msikilizaji anajua tangu mwanzo ni mapatano gani amefanya na msimuliaji. Gravity inafanya mapatano mengine. Inatuonyesha kila nati na kila mkanda. Inakataa kutia sauti ya mlipuko mahali pasipo hewa, na kwa hilo naisifu sana, kwa maana ukimya wake unatisha kuliko kishindo. Inatuambia: hivi ndivyo kulivyo. Ikisha kutuambia hivyo, haina haki ya kujificha nyuma ya neno "hadithi tu" pale inapofika kwenye jambo lililo moyo wa kisa chake.

Tena jambo lenyewe si la mchezo. Msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Njia ya chombo haina kimo tu; ina na mwinamo, yaani jinsi inavyolala ukiilinganisha na ikweta. Hubble iko kama kilomita 500 juu, na njia yake ina mwinamo wa digrii 28.5. Kituo cha Kimataifa kiko kama kilomita 400 juu, na mwinamo wake ni digrii 51.6. Tofauti ya kimo ni ndogo. Lakini kuhama kutoka mwinamo mmoja hadi mwingine ni kugeuza uelekeo wa mwendo wenyewe wa kilomita saba na nusu kwa sekunde, na kwa tofauti hiyo ya digrii 23 kunahitaji badiliko la kilomita tatu kwa sekunde, hata njia hizo zikiwa zimepangana vizuri kadiri inavyowezekana. Mashine za mgongoni ambazo wanaanga wa Marekani walizitumia kweli mwaka 1984 ziliweza kutoa makumi machache tu ya mita kwa sekunde. Kowalski anamvuta Stone kwa kamba katika safari ambayo hata chombo chao kikubwa kisichovunjika kisingeiweza, kwa kuwa injini zake za huko juu zilikuwa na uwezo wa kama mita mia tatu kwa sekunde.

Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Columbia kilivunjika angani kikirudi nyumbani, na watu saba wote waliokuwamo wakafa. Bawa lake lilikuwa limetobolewa wakati wa kuruka, siku 16 kabla. Wengi waliuliza: kwa nini hawakwenda kujihifadhi katika Kituo cha Kimataifa, kilichokuwa juu wakati ule ule, na watu wakiwa ndani yake? Jibu ni hili ambalo filamu imelifuta. Njia ya Columbia ilikuwa na mwinamo wa digrii 39. Hata kama hatari ingejulikana siku ya kwanza, mafuta waliyokuwa nayo yasingewapeleka kule. Kituo kilikuwapo, lakini kwao hakikuwa bandari.

Na baada ya msiba huo, Januari 2004, wakuu wa shirika la anga la Marekani, NASA, walitangaza kuifuta safari ya kwenda kuitengeneza Hubble, na miongoni mwa sababu ilikuwa hiyo hiyo: mtu akiharibikiwa kule Hubble hana pa kukimbilia. Uamuzi ulibadilishwa mwaka 2006. Safari ilipofanyika hatimaye, Mei 2009, chombo cha Atlantis kiliporuka, kingine, Endeavour, kilikuwa kimesimamishwa tayari kwenye jukwaa la pili, kwa kazi moja tu: kwenda kuwachukua wenzao kama wangekwama. Fikiria gharama hiyo, na fikiria ni ukweli gani uliowalazimisha kuilipa. Miaka minne baadaye ikaja filamu ya watu waliokwama Hubble, wakaelea hadi Kituo cha Kimataifa kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba moto.

Sisemi kwamba Cuarón aliwadharau wafu. Nasema kwamba hadithi yake imeondoa kile hasa kilichowaua na kile hasa kilichowatia hofu walio hai, kisha ikauita uwanja uliobaki kwa jina la nguvu ile ile iliyoondolewa. Filamu inaitwa Gravity, yaani uvutano, na uvutano ndio pekee usioigiza humo.

Mtu atauliza kama ukweli huu unaweza kuonyeshwa katika sinema bila kuwalaza watazamaji. Naam, unaweza. Filamu ya The Martian ya mwaka 2015, iliyotokana na riwaya ya Andy Weir, ina makosa yake, lakini inajua jambo moja kubwa. Mwishoni, mtu aliyeachwa kwenye sayari ya Mars anarushwa juu ili adakwe na wenzake wanaopita, na tunaelezwa wazi kwamba tatizo si umbali peke yake, bali tofauti ya mwendo. Wanaweza kumpitia karibu kabisa na bado wakamkosa, au wakamdaka na kumuua kwa kishindo. Watazamaji walielewa, na hawakulala.

Hata historia yenyewe ilikwisha kulifundisha jambo hilo. Agosti 1962 Warusi walirusha vyombo viwili, Vostok 3 na Vostok 4, siku mbili mfululizo, vikapitiana kwa umbali wa kilomita sita hivi. Magazeti yalisema vimekutana. Lakini hakuna kati yake kilichokuwa na uwezo wa kubadili njia. Baada ya kupitiana vilizidi kuachana. Walipishana tu, kama mabasi mawili barabarani yanayopigiana honi.

Mkutano wa kweli ulikuja tarehe 15 Desemba 1965. Frank Borman na James Lovell walikuwa juu tayari katika Gemini 7, siku ya kumi na moja. Wally Schirra na Thomas Stafford walirushwa katika Gemini 6, wakaingia katika njia ya chini zaidi, karibu kilomita 2,000 nyuma ya wenzao. Hawakuwakimbilia. Walikaa chini, mahali pa mwendo wa kasi, wakaacha njia fupi iwafanyie kazi, wakipanda hatua kwa hatua kwa saa zilizopangwa. Ilichukua saa sita hivi. Walipofika, tofauti ya mwendo kati ya vyombo viwili ilikuwa si kitu, na kwa zaidi ya saa nne walikaa pamoja, wakati mwingine wakiachana kwa sentimita 30 tu, wakichunguliana madirishani. Schirra mwenyewe baadaye alisisitiza tofauti hiyo: kupita karibu si kukutana, unakutana unapoweza kusimama mbele ya mwenzako na kubaki.

Hapo watu wengi wangetaka kutoa funzo la haraka haraka haina baraka. Mimi nalikataa, kwa sababu si sahihi. Gemini 6 haikwenda polepole. Kule chini ilikwenda kwa kasi kuliko iliyokuwa ikiifuata. Lililobadilika si haraka, ni njia. Nahodha wa jahazi anajua habari hii: upepo ukitoka kule anakokwenda, haelekezi omo yake kwenye bandari, bali hupiga bisha, mara huku mara huko, na mtu wa nchi kavu anayemtazama hudhani amepotea.

Kwa haki lazima niseme kwamba katika mita mia za mwisho, vyombo vikiwa vimekwisha kulingana katika kimo, mwinamo na mwendo, rubani huweza kwenda karibu moja kwa moja, na ile silika ya kuelekeza na kusukuma hufanya kazi. Filamu imechukua mita hizo mia za mwisho na kuzifanya ndiyo safari yote. Imetuonyesha kupeana mikono, na kutuficha mwendo wa saa sita uliowezesha mikono kufikiana.

Na hilo, nadhani, ndilo linalonisumbua zaidi ya hesabu. Tunaishi katika zama zinazopenda sana kufika na hazina subira na njia. Kila mahali tunaambiwa: ione ndoto yako, ielekee, sukuma. Filamu kubwa, yenye picha nzuri zisizo na kifani, imelirudia fundisho hilo mbele ya mamilioni, katika mahali pekee ninapopajua ambapo fundisho hilo ni uongo mtupu, na ambapo uongo huo unaweza kupimwa kwa kilomita. Wako watu katika maisha yetu ambao tumewafuata kwa nguvu, nao wakazidi kuwa nukta. Wazazi na watoto waliokosana wanajua. Si kila mara kwamba hatukusukuma vya kutosha. Pengine ilitupasa kushuka kwanza, hadi mahali ambapo njia ni fupi, tukubali kwa muda kuonekana kama tunaowapa kisogo.

Itazameni Gravity, nawaomba. Uzuri wake ni wa kweli, na ukimya wake sijausikia katika filamu nyingine. Lakini Stone anapoigeuza pua ya chombo kuelekea ile nuru ya Wachina na kuwasha moto, mtazamaji ajue kwamba angesukuma kwa mtindo huo nuru isingemngoja, na kwamba wako watu saba waliokuwa na bandari juu ya vichwa vyao na hawakuweza kuifikia.